Mnaofanya N-back kila siku: mnajuaje kama kichwa kinapanda au mmeuzoea mchezo tu?

KeteNyeusi (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Humu kila baada ya muda mtu analeta picha ya alama zake, "leo nimegusa nyuma-nne", anapigiwa makofi, uzi unakufa. Hakuna anayeuliza hiyo nne imetoka wapi. Mimi nafanya zoezi hili la kumbukumbu alfajiri kabla ya kwenda kazini, miezi kadhaa sasa. Jioni nasomea mitihani ya uhasibu, na sababu ya kuanza ni ileile ya wengi: nasoma swali refu la kodi, nikifika mstari wa mwisho namba za mstari wa kwanza zimeshatoroka. Alama kwenye programu zinapanda, hilo halina ubishi. Ninachotaka tujadili ni kimoja: kimepanda nini?

Kwa mgeni wa mambo haya, N-back ya pande mbili iko hivi. Kwenye kioo kuna mraba unaorukaruka kati ya nafasi nane, na papo hapo sauti inataja herufi. Kila baada ya sekunde tatu inakuja jozi mpya. Ukiwa kiwango cha nyuma-mbili, unabonyeza kitufe kimoja kama mraba umekaa pale ulipokuwa hatua mbili zilizopita, na kitufe cha pili kama herufi ni ile ya hatua mbili zilizopita. Unasikia K, T, K: bonyeza. Unasikia K, T, H, K: aliye nyuma-mbili anatulia, aliye nyuma-tatu anabonyeza. Ugumu wenyewe hauko kwenye kukumbuka, uko kwenye kutupa. Herufi iliyokwisha kazi yake inabidi uitoe huku unaingiza nyingine, na mraba nao haukusubiri.

Zoezi ni la zamani, Wayne Kirchner alilitumia mwaka 1958 kulinganisha vijana na wazee. Lililolipa umaarufu ni utafiti wa mwaka 2008 wa Susanne Jaeggi, Martin Buschkuehl na wenzao. Watu walifanya dakika kama 25 kwa siku, wengine siku 8, wengine 12, wengine 17, wengine 19, kisha wakapewa mafumbo ya maumbo ambayo hawakuyafanyia mazoezi. Walipanda, na waliofanya siku nyingi walipanda zaidi. Hapo ndipo dunia nzima ilipokimbilia kupakua programu.

Sasa jedwali langu. Kila siku mstari mmoja: tarehe, saa niliyoanza, saa nilizolala, kiwango, alama za mraba, alama za herufi, na neno moja la hali ya siku. "Mafua", "kelele", "njaa", "shwari". Neno moja tu, maana nikijiruhusu sentensi nitaanza kujitetea.

Alama ya juu kabisa siiandiki popote. Ukirudia kitu mara nyingi vya kutosha, siku moja bahati itakutana na usingizi mzuri na utapata alama ya ajabu hata kama hujabadilika lolote. Kadiri siku zinavyoongezeka, rekodi lazima ipande. Badala yake, mwisho wa wiki nazipanga alama kutoka ndogo hadi kubwa nachukua ya katikati. Wastani wa kawaida niliuacha kwa sababu siku moja ya mafua inaburuta wiki nzima.

Nikitenganisha mraba na herufi naona mambo mawili tofauti. Mraba ulipanda haraka mwanzoni kisha ukatulia. Herufi inapanda kidogokidogo, na kila palipoandikwa "kelele" inaanguka peke yake, mraba haushtuki. Jirani yangu hufungua redio ya mahubiri saa kumi na moja alfajiri, na maneno ya mtu mwingine yakiingia sikioni yanagombania nafasi ileile herufi zinapokaa. Muziki mtupu hauniathiri kiasi hicho.

Na mara moja kwa mwezi najipima kwa kitu nisichokifanyia mazoezi: mke wangu ananisomea tarakimu moja kila sekunde, nazirudisha kinyumenyume. Hapo ndipo shida yangu ilipo. Programu inasema nimetoka nyuma-mbili hadi nyuma-nne. Tarakimu kinyumenyume ziko palepale zilipokuwa.

Karibuni.

Pweza_Kavu

Natia kambi hapa. Uzi una nyama, nitausoma usiku.

Fundi_Kodi

Mkuu, kabla ya jedwali lote hilo kuna kitu kimoja cha kukagua: programu yako inaihesabuje hiyo asilimia?

Chukua mpangilio wa akina Jaeggi. Raundi moja ina hatua 20 za kuhesabika, na kila upande una hatua 6 tu za kubonyeza. 14 zilizobaki jibu sahihi ni kutulia. Sasa weka mikono mfukoni raundi nzima, usibonyeze chochote. Programu inayohesabu kila jibu sahihi itakupa 14 kwa 20, yaani 70%, na pongezi juu. Wapo wanaokuja hapa na 75% wakidhani wamefika mbali, kumbe wamemzidi kidogo tu mtu aliyesinzia.

Programu makini haihesabu kutulia. Inachukua ulizopatia, inagawa kwa jumla ya ulizopatia, ulizokosa na ulizobonyeza bila sababu. Aliyesinzia anapata sifuri. Aliyebonyeza kila hatua anapata 6 kwa 20, 30%. Ona inavyobadilisha picha: mtu kapatia 4, kakosa 2, hakubonyeza ovyo hata mara moja. Kwa hesabu ya kwanza ana 90%. Kwa hesabu ya pili ana 67%. Mtu yuleyule, raundi ileile.

Kwa hiyo ukihama programu, usiunganishe safu. Chora mstari mnene kwenye jedwali, anza upya chini yake. Vivyo hivyo ukibadilisha kasi, idadi ya raundi, au mitego.

Mitego ni nini? Ni herufi inayorudi karibu na mahali pake lakini sipo. Uko nyuma-tatu, herufi inarudi baada ya hatua mbili. Programu isiyo na mitego inakuruhusu kucheza kwa hisia: "hii nimeisikia sasa hivi, bonyeza". Utapatia nyingi bila kushika mpangilio wowote kichwani. Mimi nilipowasha mitego kwenye programu ninayotumia, alama zilishuka sana, na nikajua ni kiasi gani nilikuwa naishi kwa hisia.

KeteNyeusi

@Fundi_Kodi hapo umenigusa. Natumia Brain Workshop, ile ya bure ya kwenye kompyuta. Hiyo haihesabu kutulia. Inakupandisha ukifika 80% na kukushusha ukirudia chini ya 50%. Lakini za kwenye simu nyingi hazisemi zinahesabuje. Nashauri kila mtu afanye jaribio la mikono mfukoni leo, aje aseme amepata ngapi.

Konda_Mstaafu

Nimefanya. Simu imenipa 72% na nyota mbili. Nilikuwa nakunywa chai.

Pweza_Kavu

😂😂 Mzee umetisha. Mimi jana nilikuwa na 74 na nilitoka jasho.

MwalimuTakwimu

Niingie kwa upande wa ubishi, mleta uzi usinichukie.

Tarakimu zako kubaki palepale si ajabu, ndivyo tafiti nyingi zilizofuata zilivyoona. Thomas Redick na wenzake mwaka 2013 walirudia jambo hili kwa masharti makali zaidi: vipindi 20 vya N-back ya pande mbili, na pembeni kundi jingine likifanya zoezi tofauti kabisa la kutafuta alama kwenye kioo, zoezi lililokuwa linapanda ugumu vilevile. Wote walipanda kwenye mchezo wao. Kwenye mitihani mingine ya akili, hakuna kundi lililoliacha jingine.

Hilo kundi la pembeni ndilo jambo ambalo sisi watu wa nyumbani hatuna. Ukilinganisha anayefanya mazoezi na anayekaa bure, unalinganisha pia mwenye matumaini na asiye nayo. Mwaka 2016 Cyrus Foroughi na wenzake wa Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, walibandika matangazo mawili chuoni. Moja liliahidi mafunzo ya ubongo na kuongeza akili. La pili lilisema tu njoo ushiriki utafiti upate alama za kozi. Watu 50, wote wakafanya N-back ya pande mbili saa moja tu, kisha mtihani wa akili. Waliovutwa na tangazo la ahadi walipanda kiasi cha pointi 5 hadi 10 za IQ. Wengine hawakupanda. Saa moja! Hakuna ubongo unaojengwa kwa saa moja. Kilichopanda ni moyo wa kujituma, na labda aina ya mtu anayevutwa na tangazo kama hilo.

Nisiwe wa upande mmoja. Jacky Au na wenzake, akiwemo Jaeggi mwenyewe, walijumlisha tafiti 20 mwaka 2015 wakapata ongezeko dogo, kama pointi 3 au 4. Monica Melby-Lervåg, Redick na Charles Hulme wakajumlisha machapisho 87 mwaka uliofuata: mazoezi yanasaidia kazi zinazofanana nayo, faida haivuki kwenda mbali. Wanabishana mpaka leo, lakini wanabishania kati ya kidogo na hakuna. Anayekuahidi makubwa ni mfanyabiashara. Januari 2016 kampuni ya michezo ya ubongo ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 huko Marekani baada ya mamlaka ya biashara kusema matangazo yake yalikosa ushahidi.

KeteNyeusi

Siwezi kukuchukia mwalimu, ndiyo maana nimeleta uzi. Lakini nikuulize. Kama faida haivuki, kutoka nyuma-mbili hadi nyuma-nne nimefanya nini? Kuna kitu kimebadilika kichwani, nakihisi. Mwanzoni nilikuwa naimba herufi moyoni kama mtoto. Sasa zinajipanga mafungumafungu, tatu tatu, na ninahamisha fungu zima.

MwalimuTakwimu

Umejijibu mwenyewe. Umepata mbinu, na mbinu ni ya mchezo huo.

Kisa maarufu kuliko vyote: mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Steve Faloon. Anders Ericsson, William Chase na Faloon mwenyewe walikichapisha mwaka 1980. Alianza kwa kukumbuka tarakimu 7 kama wewe na mimi. Alifanya mazoezi kama saa moja kwa siku, siku kadhaa kwa wiki, karibu miezi 20, zaidi ya saa 230 kwa jumla. Alifika tarakimu 79. Unasomewa tarakimu 79 mara moja, moja kila sekunde, unazirudisha zote kwa mpangilio!

Alifanyaje? Alikuwa mkimbiaji wa masafa marefu. Akisikia 3, 4, 9, 2 alizigeuza kuwa dakika 3 sekunde 49.2, muda wa kukimbia maili karibu na rekodi ya dunia. Visivyogeuka kuwa muda wa mbio alivigeuza kuwa umri wa mtu. Halafu wakampa herufi badala ya tarakimu. Akarudi kwenye 6 hivi. Miezi 20 ya jasho, na kikapu chake cha herufi ni kilekile cha mtu yeyote.

Sasa chukulia Faloon angekuwa na jedwali la KeteNyeusi, safu ya tarakimu peke yake. Angeamini ubongo wake umekua mara kumi. Safu moja ya herufi ingetosha kumwambia alichokipata.

Konda_Mstaafu

Mimi hapo nimeelewa kuliko kote. 3322 ni Filbert Bayi, Christchurch 1974, mita 1500, dakika 3 sekunde 32.2, rekodi ya dunia. 3510 ni Bayi tena, maili moja, Kingston 1975. Nishazihifadhi tarakimu nane bila kutoka jasho. Nani ananisomea nyingine?

Fundi_Kodi

Mzee, ukimaliza Bayi unaingia kwa Suleiman Nyambui, hatukupati tena.

BintiUnguja

Assalaam alaykum. Mimi si mtu wa N-back sana, niliifanya kipindi nikaiacha, ila nimehifadhi Qur'ani na sasa nasikiliza wanafunzi. Naomba niseme namna tunavyofuatilia sisi, huenda ikamfaa kaka mleta uzi.

Mwanafunzi akisoma juzuu kwa kichwa, siandiki "amesoma vizuri". Naweka alama ndogo ya penseli pale alipokwama, na alama nyingine pale alipoingia aya isiyo yake. Hayo ni makosa mawili tofauti. Aliyekwama hakushika, anahitaji kurudia. Aliyehamia aya nyingine ameshika zote mbili, zinafanana, na hajui kutenganisha. Huyo ukimwambia arudie tu anazidi kuzichanganya. Yeye namkalisha na zile aya mbili kwa pamoja, anatafuta neno linalozitofautisha.

Nimesoma hesabu ya Fundi_Kodi nikaona ni jambo lilelile. Alizokosa kubonyeza na alizobonyeza bila sababu zisitiwe chungu kimoja. Kaka, kwenye jedwali lako ongeza safu mbili hizo.

Na hilo la kutovuka nalithibitisha kwa nilichokiona. Kipindi nafanya N-back nilipanda, lakini murajaa yangu, yaani kurudia niliyohifadhi, haikuwa nyepesi hata kidogo. Aya zinakaa kwa kurudiwa kwa miaka, zinakaa kwingine kabisa. Ile kumbukumbu ya kushika kitu sekunde chache huku unakifanyia kazi ni kitu mbali.

KeteNyeusi

Waalaykum salaam dada. Safu hizo nimeziongeza jana na tayari kuna jambo. Siku za usingizi mdogo nakosa kubonyeza, mikono inachelewa. Siku za haraka, nikiona saa imenikimbia, nabonyeza ovyo. Asilimia ya mwisho inafanana, ningezisoma kama siku sawa. Shukrani sana.

Shangazi_Mwanga

Jamani wanangu, mimi nauliza ya mtu mzima. Mama yangu amepita sabini, anasahau alichokwenda kuchukua chumbani. Binti yangu anataka kumwekea huu mchezo kwenye simu. Utamfaa au utamsumbua?

MwalimuTakwimu

Shikamoo shangazi. Utafiti mkubwa wa wazee ni ule wa Marekani uitwao ACTIVE, watu 2,832, wastani wa umri karibu miaka 74. Waligawanywa: wengine mbinu za kukumbuka, wengine kufikiri kwa mpangilio, wengine kasi ya kuona na kuamua, na wengine hawakufundishwa chochote. Vipindi 10, baadhi wakaongezewa vichache baadaye. Baada ya miaka kumi, faida ya kufikiri na ya kasi ilikuwa bado inaonekana kwenye yaleyale waliyofundishwa, ya kukumbuka ilishapotea. Lakini wote waliofundishwa walisema shughuli za nyumbani haziwawii vigumu kama wanavyosema wasiofundishwa.

N-back ya pande mbili kwa mama naona itamkera, ni ya haraka mno. Kwenda chumbani na kusahau ulichofuata kunatupata sote. Ila akianza kupotea njia anayoijua, kurudia swali lilelile ndani ya muda mfupi, au kusahau hatua za kupika chakula alichopika maisha yake yote, hapo ni daktari, tena mapema. Kuna sababu nyingine zinazotibika, dawa anazotumia zikiwemo.

Konda_Mstaafu

Shangazi, mpeleke barazani akacheze bao. Mashimo 32, kete 64, na mwenzake akimtania atakumbuka mpaka deni la mwaka juzi.

Shangazi_Mwanga

Marahaba mwanangu Mwalimu, nimekuelewa. Na wewe Konda, mama yangu alikuwa anawafunga wanaume bao, usimchezee.

MwalimuTakwimu

Nirudi kwa mleta uzi, maana aliuliza kupima na mimi nimeleta ubishi tu. Anachoweza kufanya mtu mmoja nyumbani ni hiki.

Kwanza, kipimo cha nje kifanye mara kadhaa kabla ya kuanza kuhesabu. Mtu yeyote akipewa tarakimu kinyumenyume mara ya kwanza na ya pili anapanda kwa kuzoea kipimo. Subiri kitulie, halafu ndiyo iwe alama ya kuanzia. Wengi wanaolia "nilipanda ndani ya wiki mbili" wamepima kuzoea huko.

Pili, andika kabla ya kuanza kile unachotarajia kibadilike, kwa sentensi moja, yenye kuhesabika. "Nitakuwa makini zaidi kazini" haihesabiki. Wewe una kitu kizuri zaidi ya tarakimu: maswali ya kodi. Hesabu ni mara ngapi unarudi kusoma mstari wa juu kabla ya kumaliza swali moja. Weka nukta ya penseli pembeni kila unaporudi. Hicho ndicho ulichokitaka tangu mwanzo, basi kipime hicho.

Tatu, simama. Wiki kadhaa fanya, wiki kadhaa acha kabisa, kisha rudi, huku kipimo cha nje kikiendelea. Nukta zikipungua ukifanya, zikiongezeka ukiacha, zikapungua tena ukirudi, una hoja. Zikipungua tu mfululizo, huenda ni kwa sababu unazidi kuizoea kodi yenyewe, na hilo si baya. Utafaulu mtihani kwa kodi.

Fundi_Kodi

Naongeza la tarakimu. Mke wako anazitoa wapi? Mtu akibuni namba kichwani hazikai ovyo kweli. Anakwepa kurudia tarakimu, anapenda 7, anapanga 4-5-6 bila kujua. Unapewa mtihani rahisi bila nyote kufahamu.

KeteNyeusi

Nilimpa vocha za kukwangua zilizokwisha tumika, nimeziomba dukani, nikajaza kopo. Anachukua moja, anasoma kuanzia mwanzo mpaka anapotaka.

Fundi_Kodi

Hiyo imekaa vizuri kuliko nilivyotarajia.

MwalimuTakwimu

Na asome kwa lugha moja daima. Alan Baddeley na wenzake walionyesha mwaka 1975 kwamba maneno yanayochukua muda mrefu kutamkwa yanakaa machache kichwani. Mwaka 1980 ikaonekana hata kwa watu wazungumzao Kiwelishi (lugha ya Wales) na Kiingereza: walikumbuka tarakimu chache zaidi kwa Kiwelishi kwa kuwa zinachukua muda zaidi kutamka. Hesabu zetu, moja, mbili, tatu, karibu zote ni silabi mbili. Za Kiingereza nyingi ni silabi moja. Leo ukisomewa "saba tisa nane", mwezi ujao "seven nine eight", unaweza kupata ongezeko la bure kabisa.

KeteNyeusi

Kumbe. Mke wangu huchanganya, kulingana na alivyoamka. Kuanzia sasa Kiswahili tu.

Na hilo la kusimama nimelikubali. Nasimamisha mwezi huu, nukta za penseli zinaendelea. Nitaleta mrejesho hapahapa, nikipanda au nisipopanda.

Pweza_Kavu

Nimeusoma wote. Mimi sina mitihani wala vocha, naipenda tu ile hali ya kuingia ndani ya mchezo nikasahau deni. Nayo ipimwe vipi?

BintiUnguja

Hiyo kaka usiipime. Cheza.

Mgeni_Mpya

Habari zenu wakubwa. Nimeanza wiki hii na nimeshafungua jedwali kama la mleta uzi. Swali dogo: siku niliyoruka najaza nini? Nimeweka sifuri lakini mchoro wangu umekuwa kama meno ya msumeno.

KeteNyeusi

Karibu. Acha tupu, usiweke sifuri. Sifuri maana yake umefanya ukapata sifuri. Ila kwenye safu ya hali andika kwa nini hukufanya, maana tunaruka zaidi siku tulizochoka, na siku hizo zikikosekana, wiki inaonekana nzuri kuliko ilivyokuwa. Ikiwa wiki ina siku chini ya tatu zilizojazwa, mimi siitafutii ya katikati kabisa. Naiacha nyeupe.

Mgeni_Mpya

Na jaribio la mikono mfukoni nimefanya. 69%.

Fundi_Kodi

Badilisha programu.